Mwacheni na katapila lake

Wiki iliyopita alitutembelea mgeni hapa Wete, mtu mzima ninayemheshimu sana, ambaye watoto wangu humwita ami. Alimkuta binti yangu mkekani, vitofali vya LEGO vimemzunguka, anafunga cheni ya katapila. Akaitikia shikamoo yake, kisha akamwambia: "Mwanangu, uko Kidato cha Pili na mtihani ndio huo unakuja. Michezo ya kitoto utaiacha lini?" Mtoto akaanza kukusanya vitofali vyake kimya kimya. Mimi nikamkaribisha mgeni chai. Adabu ilinizuia kusema, na tangu siku hiyo moyo haujatulia.

Sanduku lile alituletea kaka yangu anayeishi Uingereza, lina mota mbili na kisanduku cha betri. Katapila la kwanza tulilifunga kwa pupa: mota tuliiunga moja kwa moja na gurudumu la cheni. Sakafuni likaenda mbio. Mkekani likagoma, mota zinanguruma na cheni hazisogei. Binti akasema mota mbovu. Nikamwambia tutie gia ya meno 8 upande wa mota, nayo izungushe ya meno 24. Akachukua wanja wa mama yake, akatia nukta kwenye kila gia, akazungusha kwa kidole huku anahesabu. Ndogo imezunguka mara tatu, kubwa mara moja. Akarudia. Kisha akanitazama: "Baba, kumbe ndiyo ile ya skuli?"

Ndiyo ile ile kanuni ya gia. Anayo daftarini, kwa Kiingereza, kaipigia mstari mwekundu na kaihifadhi neno kwa neno. Lakini hakuwahi kuigusa. Tulipowasha, mwendo ulishuka hadi thuluthi, na nguvu ikapanda karibu mara tatu, ukitoa ile inayoliwa na msuguano. Tukalaza mchi wa kinu mbele yake, likaupanda. Akaweka kiganja alizuie, likamsukuma mkono. Ninachokipigania mimi ni huo mkono uliosukumwa. Usiku ule alifungua daftari mwenyewe, akasoma kanuni yake kama anayesoma barua aliyoandikiwa yeye.

Nguvu nayo ikaleta balaa lake. Gia zikawa zinaruka, tak tak tak, kwa kuwa ekseli tuliishika upande mmoja tu. Ikilemewa inapinda na meno yanaachana. Ikabidi fremu yote ifunguliwe. Aliifungua mwenyewe, kazi ya siku mbili, akaanza upya na ekseli imeshikwa pande zote mbili. Subira ile mimi sijawahi kuiona akiwa na kitabu. Mengine tuliyajua njiani: cheni ikikazwa sana inailemea mota, ikilegea inachomoka, na kwenye vigae plastiki inateleza.

Na sisi wa Pemba katapila tunalijua. Masika ya utotoni kwetu, udongo mwekundu ulizamisha gari hadi ekseli, likapita katapila peke yake, na watoto tukalikimbilia nyuma. Benjamin Holt kule California alikuwa na tatizo hilo hilo, udongo laini unameza matrekta yake ya mvuke, na mwaka 1904 akatoa magurudumu ya nyuma akaweka cheni za mbao, uzito utandazwe kwenye eneo kubwa. Mimi nilikimbia nyuma ya katapila utoto wangu wote bila mtu kunieleza hilo.

Nakubali vitofali hivi ni ghali, na si kila nyumba ina mtu Ulaya. Basi gari la kopo lenye magurudumu ya ndara nalo lisitupwe jaani. Nakubali pia kwamba mtihani lazima apasi, na kila usiku naketi naye kwenye madaftari.

Ila ami yangu, ukirudi, nakuomba uketi nasi mkekani. Usiku ule ulipoondoka nilivitoa vitofali tena mimi mwenyewe. Jana kaniuliza kwa nini katapila likigeuka mota zinalemewa kuliko likienda moja kwa moja. Sikumjibu. Nilimwambia aligeuze kwa mkono, atazame cheni zinavyoburura ukili wa mkeka kwa ubavu. Kainama hapo mpaka adhana ya magharibi.