Babu Ndiye Aliyenidaka

Kabla hamjaendelea kuwasikiliza watu, nisimulie mwenyewe. Eti nilipiga kelele, eti nilimwangukia mgonjwa. Uongo! Kelele sikupiga. Hilo la kuanguka tutalifikia.

Zamu ya asubuhi, wodi ya upasuaji ya wanaume. Inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, kanikabidhi babu mmoja mwenye kidonda mguuni, nikisafishe huku wanafunzi wenzangu wa unesi wamenizunguka wajifunze kwangu. Kwangu mimi! Nikanawa mikono vile tulivyofundishwa, nikavaa glavu, trei ikapangika ikapendeza. Nikajikohoza, nikamwambia kitaalamu kabisa, "Babu, kama unaogopa damu angalia pembeni."

Babu akasema haogopi.

Bandeji ikatoka. Shashi ya ndani ilikuwa imegandia kidonda, na ikiganda haivutwi, inaloweshwa kwa maji ya chumvi, unasubiri. Unasubiri umeinama. Harufu yenyewe haisubiri. Nikaishika pembe, nikaivuta taratibu, ikaachia kwa mlio fulani... mnaokula mnisamehe. Masikio yakaanza kulia nziii. Jasho la baridi likashuka mgongoni. Inchaji anauliza, "Mnaiona nyama nyekundu inayoota hapa?" namsikia kwa mbaaali, na kitanda nacho kinazidi kusogea mbali. Nikajibu "ndiyo, sista." Nadhani nilijibu. Na mtihani wa kuzirai niliufaulu vizuri jamani, msinione hivi: mapigo ya moyo yanapungua, mishipa inatanuka, presha inashuka, ubongo unapungukiwa damu. Yote niliyakumbuka, tena kwa mpangilio, nikiwa naelekea chini.

Cha mwisho kukiona ni mikono ya babu. Alinidaka, wallahi. Mguu uko wazi, shashi inaning'inia, babu kanipakata kama mtoto wa kunyonya, anapaza sauti wodi nzima: "Nesi! Nesi! Njooni, nesi wenu anakufa!"

Kuzinduka, nimelazwa kitanda cha pili, miguu imeinuliwa juu ya mito, presha 80 kwa 50, na mwenzangu anamalizia kidonda changu. Cha babu, namaanisha. Nikanyweshwa maji ya sukari, nikarudishwa hosteli, basi.

Kesho yake kwenye raundi daktari akamuuliza babu anaendeleaje. Akasema yeye hajambo, ila yule mgonjwa wake wa jana, nani kamruhusu kutoka kitandani?