Ukipandisha nguvu, umepandisha na kelele

Kuna sentensi moja ningependa ipigwe marufuku katika kazi hii yetu ya faiba: "Mawimbi yakisumbua, pandisha nguvu ya leza." Juzi nimeisikia tena kikaoni, kwa mtu mwenye vyeti vingi kuliko mimi, tukijadili kwa nini wateja 32 wa tawi moja wanakatikakatika kila jioni. Pale nilinyamaza. Hapa sinyamazi.

Nguvu husaidia pale adui anapokuwa kelele ya kipokezi chenyewe. Uko peke yako kwenye uzi, njia ni ndefu, mwanga unafika umechoka: haya, pandisha. Lakini kwenye uzi wa kushirikiana, kelele yangu ni mazungumzo ya jirani. Nikipanda desibeli 3 naye atapanda 3, maana fundi wetu ni mmoja na ushauri wake ni mmoja. Mwanga umeongezeka maradufu kwa kila mtu, uwiano wa ujumbe na kelele uko palepale, na leza zinachemka bure.

Na hapo bado tuna bahati. Kwenye mifumo inayotenganisha watumiaji kwa rangi za mwanga, nguvu ikizidi, kioo chenyewe cha uzi huanza kuchangia mazungumzo. Rangi tatu hukutana zikazaa ya nne, ambayo hakuna aliyeituma, nayo ikaangukia kwenye njia ya mtu. Zidisha nguvu ya hizo tatu mara mbili, na huyo wa nne hukua mara nane. Mara nane! Kisha tunaitana kikaoni kushangaa.

Watu wa misimbo, wale wanaotaka kila mtumiaji apewe msimbo wake na wote watume kwa pamoja bila kusubiriana, walishaugonga ukuta huu. Kwenye redio unaweza kuwa na +1 na -1, vikafutana. Kipokezi kinachopima wingi wa mwanga tu hakijui mwanga hasi. Kwake upo au haupo. Ndiyo maana tangu ile misimbo ya mtafiti Salehi na wenzake mwaka 1989, kazi imekuwa kupunguza kugongana kwa misimbo, si kufuta kabisa. Baadaye wakaja na ujanja wa vipokezi viwili, hesabu ya kimoja ikiondolewa kwenye ya kingine, na mwingiliano wa majirani ukatoweka. Nakiri, ni kazi nzuri sana. Ila inabaki kelele ya miali ya rangi moja inayopigana yenyewe kwa yenyewe, na hiyo hukua kwa mraba wa mwanga. Pandisha tena, basi.

Mwaka mmoja tulikesha na tawi kama hilohilo. Kwenye GPON, yaani mtandao wa faiba ambao wateja wengi hugawana uzi mmoja, njia ya kupanda kutoka kwa mteja kwenda kituoni, ile ya mwanga wa nanomita 1310, kila kisanduku cha mteja hungoja zamu yake ndani ya fremu ya mikrosekunde 125, kikawasha leza kidogo, kikazima. Kimoja kilikuwa kimesahau kuzima. Wengine 31 wasio na hatia wakawa wanapotea na kurudi. Tulichomoa mmoja baada ya mwingine, na cha 19 ndicho kilikuwa chenyewe. Kinachochekesha hadi leo: ukikiwekea mita ya kupima mwanga, ndicho kilichosoma vizuri kuliko vyote. Bila shaka! Wenzake wanaongea kwa zamu, yeye haongei, anapiga kelele mfululizo. Kwa falsafa ya kikaoni, huyo alistahili tuzo.

Sawa, splita ya 1:32, kile kifaa cha kugawa mwanga wa uzi mmoja kwa wateja 32, hula desibeli 15 kwa hesabu ya karatasi, na kazini hukaribia 17, kwa hiyo nguvu kiasi lazima iwepo. Nimekubali, tuendelee.

Konekta chafu sitaki hata kuzizungumzia. Kiini cha uzi kina upana wa mikromita 9 hivi. Chembe moja ya vumbi inatosha. Na aliyechomeka konekta ya kijani, yenye ncha ya mshazari, kwenye ya buluu isiyo na mshazari, anajijua.

Kikao kiliamua kuagiza moduli za leza zenye nguvu zaidi. Mimi nimeomba usiku mmoja tu, mita moja, na ruhusa ya kuchomoa. Bado nasubiri majibu.