Mama mkwe, kodiani na kilichojibu uvunguni

Jamani mie nilishaapa. Mwezi wa Shaabani, mbele ya mke wangu, hakiingii chombo kingine cha muziki nyumba hii. Maana vilivyopo vyenyewe ni aibu: udi ambao mwaka wa tatu huu bado naupiga kama mtu anaekwangua ukoko, gitaa lenye nyuzi nne, fidla isiyo na upinde, nai ambayo tangu niinunue imelia mara mbili na moja ilikuwa upepo wa dirishani, na dumbak ambayo watoto wanaikalia wakinywa uji. Mke wangu akasema kistaarabu tu, "Baba watoto, siku kikiingia cha sita mie natoka, mbaki nacho."

Basi nimekwenda zangu kwa fundi, nyuma ya Darajani, kufata uzi wa udi. Uzi mmoja. Fundi huyu ananijua kuliko daktari. Hajasema nunua hata kidogo, kanambia tu, "Hebu shika hii." Kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukandamiza. Nyekundu kama pipi, nzito kama gunia la mbatata, vitufe 120 mkono wa kushoto peke yake. Nikajikaza. Nikamwambia Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab, wapo hapa Unguja tangu 1905, sijasikia wakilalamika kuna pengo la kodiani linanisubiri mie. Halafu kodiani ni kama piano, haina robo toni, zile sauti za katikati ya noti na noti, taarab ya kizamani utaipigaje? Nikajiona nimemmaliza. Kacheka, kavuta mivukuto, kabonyeza kitufe kimoja, ikatoka sika. Sika yenyewe, ile noti inayokaa katikati ya mbili kama mtu alieshindwa kuamua. Kumbe vibati vya ndani vilishachongwa zamani na mtu anaejua kazi yake. Miguu ikanilegea. Laki mbili na nusu, nusu leo nusu mwezi ujao, na ule uzi wa udi nikausahau pale pale mezani.

Kwenye daladala ndo nikagundua kitufe kimoja cha besi kinakwama na kile kimkanda cha kufungia mivukuto kimeoza, kwa hiyo kila dereva akifunga breki gunia langu linanguruma mmmmmh. Bibi wa pembeni kaniuliza mbuzi anaumwa? Nikasema ndio, ana homa.

Nyumbani hakuna mtu, mke kaenda bandarini kumpokea mama yake kutoka Pemba, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikaisukuma kodiani chini ya kitanda cha chumba cha wageni, uvungu wenyewe mfupi, ikaingia kwa kubanwa, mkanda wake wa begani ukanasa kwenye chaga. Nikasema afadhali, haitotoka.

Sasa mama mkwe, Mungu ampe afya, si mwepesi. Saa nane usiku akajigeuza, chaga zikashuka, kodiani ikakandamizwa: mmmmmh. Akajigeuza tena, chaga zikapanda, mkanda ukaivuta: hhhhhm. Yaani chini ya kitanda kuna kitu kinapumua.

Nikasikia ukutani Ayatul Kursi. Kimya. Kisha, "Nani wewe?"

Mmmmmh.

"Umetumwa au umekuja mwenyewe?" Mtu wa Pemba huyo, hababaiki.

Hhhhhm.

"Wataka nini? Wataka ubani?" Kimya. "Wataka udi?"

MMMMMH.

Mke wangu kanigandamia mkono anatetemeka, "Linataka udi!" Mie najisemea moyoni udi mbona upo sebuleni. Ningekiri pale pale yangeisha, lakini laki mbili na nusu, na kile kiapo cha Shaabani, nikaona bora lipewe udi litulie.

Nilichosahau ni huo udi mwengine unatolewaje. Chetezo. Makaa ya moto. Baada ya muda nikasikia "haya, chukua" na kitu kinaburuzwa kwenye sakafu kuelekea uvunguni. Na mivukuto ya kodiani ndugu zangu ni makaratasi magumu na kitambaa. Makaratasi! Nikatoka mbio, kikoi nimekishikilia kwa mkono mmoja, nikapiga mbizi chini ya kitanda cha mkwe wangu, na mwenyewe yuko juu yake, napiga kelele "Usiichome! Usiichome!" Akajua sasa jini limenipanda mie, akawa ananishushia kandambili ya kisogo huku anasoma. Nikaivuta kodiani ikatoka imefunguka yote na kitufe kimekwama, ikalia mlio mmoja mrefu mpaka jogoo wa jirani akawika.

Taa ikawashwa. Mke wangu kaitazama kodiani, kanitazama mie. "Cha sita," akasema. Hakunisemesha tena mpaka Ijumaa.

Mama mkwe mpaka leo halali chumba kile. Anasema sawa, kodiani kaiona, lakini aliejibu lile swali la udi hakuwa kodiani.

Jana nimeipeleka kwa fundi, ina tundu la ukubwa wa kiganja. Kaitazama, kainusa, kasema wiki mbili. Nikageuka kuondoka, wallahi mguu mmoja ulishakuwa nje, akaniita. "Nishikie hii kidogo nifunge mlango."

Kanuni. Nyuzi 78.