Dozi ni bure, nauli je?

Mpaka leo utamsikia mtu akisema methadoni, dawa wanayonyweshwa kliniki watu wanaoacha heroini, ni unga wa serikali. Huyo simjibu. Dawa ile inafanya kazi yake: inazima arosto, yale maumivu ya kukosa unga, mtu analala usiku, haamki akiwaza kete ya heroini. Tangu Muhimbili ilipoanza kuitoa Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, vijana waliokuwa wamekatiwa tamaa na ukoo mzima wamerudi kuoga, kuvaa na kusalimia watu mtaani.

Ugomvi wangu ni na yale yanayomkuta kijana huyo akishatoka kwenye dirisha la dawa.

Wengi hunywa dozi palepale kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku iendayo kwa Mungu. Hailipiwi. Daladala inalipiwa. Nauli ya njia fupi Dar ilifika shilingi 600 Desemba 2023. Anayeunganisha magari mawili, kwenda na kurudi ni 2,400, kwa mwezi zaidi ya 70,000. Hana kazi, na kazi anayoweza kuipata ni kibarua cha saidia fundi, ambako saa moja asubuhi majina yameshaandikwa. Achague: zege au dozi. Akikosa nauli siku mbili tatu arosto inarudi, na kijiweni yupo wa kumkopesha kete kabla hata hajaomba. Halafu tunasema kashindwa mwenyewe.

Nyumbani nako kuna mtihani. Ndugu wamechoka, na wana haki ya kuchoka. Aliuza televisheni, akauza mpaka sufuria za mama yake. Lakini mtu ameacha mwaka wa tatu huu, bado anaitwa teja, na kuku akipotea mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Atakaa wapi kama si kijiweni, ambako angalau wanamwita kwa jina?

Kwa wanawake ni balaa zaidi. Kliniki hizi zimejaa wanaume, na si kwamba dada zetu hawatumii. Akionekana kwenye foleni ile sifa yake imekwisha, na mtoto hana wa kumwachia.

Mimi ningeanza na nauli, kabla ya semina yoyote ya kuelimisha jamii (posho za semina moja zingewapandisha wangapi daladala?). Dirisha lifunguliwe alfajiri, kabla vibarua havijaanza. Waliotulia wapewe dozi za kubeba nyumbani. Na fundi mwenye saiti amwandike mmoja wao, jioni amlipe sawa na wenzake.