Mwenye fremu ndiye anayeihitaji karatasi

Msimu wa korosho ukikaribia, fremu za maduka za Mtwara mjini hupata bei mpya. Minada inaanza Oktoba, na fedha za TANECU na MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vinavyouza korosho, zikishaingia kwenye akaunti za wakulima kila mtu anataka sehemu ya kuuzia: vitenge, simu, mabati, spea za pikipiki. Madalali wa Chikongola na Soko Kuu hawalali. Katika haraka hiyo pango hufungwa kwa maneno, au kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, mistari mitano na sahihi mbili. Watu humwonea huruma mpangaji. Mimi naona aliyekaa vibaya zaidi ni mwenye fremu.

Ukimuuliza kwa nini hataki mkataba wa maana, atakujibu, "Mwanangu, karatasi inaleta TRA." Sasa hiyo Mamlaka ya Mapato anayoikimbia inaingia kwa mlango wa mpangaji. Mfanyabiashara akienda kuchukua namba ya mlipakodi au kuomba leseni ya halmashauri, ataulizwa biashara iko wapi na mkataba wa pango uko wapi. Karatasi itaandikwa tu. Kinachobaki ni kujua itaandikwa na nani, na itasema nini.

Hapo ndipo ulipozaliwa mchezo wa mikataba miwili. Sheria inamtaka mpangaji wa biashara akate asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Hiyo ni kodi ya zuio. Mwenye mzigo ni mwenye nyumba, mpangaji ni mpelekaji tu, ingawa huku kwetu wengi humbebesha mpangaji juu ya bei waliyokubaliana na bado wanamwona mkorofi akiuliza. Kuna pia ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Fremu ya shilingi 150,000 kwa mwezi ni 1,800,000 kwa mwaka; zuio lake ni 180,000 na stempu ni 18,000. Ili kukwepa hiyo, wanaandika "mkataba wa TRA" wa shilingi 50,000 kwa mwezi, na ule wa 150,000 unabaki mdomoni.

Mwenye nyumba anaondoka akijiona mjanja. Siku mpangaji atakapogoma kulipa, mkataba wenye mhuri ni wa 50,000. Ule wa kweli hauna maandishi, na hata ungekuwa nayo, hati ambayo haijalipiwa stempu haipokelewi kuwa ushahidi. Utamweleza nini mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba? Kwamba ulidanganya serikali, ila leo unasema kweli?

Sisemi kila pango la mdomo ni haramu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu pango la muda mfupi, mwaka mmoja au chini yake, lifungwe kwa mdomo. Lakini isome sheria hiyo hadi mwisho. Kama hamkutaja muda wala notisi, pango linahesabiwa kufuata vipindi vya malipo, na atakayetaka kulivunja lazima atoe notisi isiyopungua kipindi kimoja. Sisi tunapenda kupokea kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Basi jitafakari: umepokea ya mwaka, hukuandika kitu, na sasa unataka fremu yako umpe mtoto aliyemaliza chuo. Umejifunga mwenyewe. Sentensi moja ya "notisi ya miezi mitatu" ingekuokoa.

Kabla ya mkataba kuna swali linalowachoma watu zaidi ya kodi: nyumba ni ya nani? Nyumba nyingi za katikati ya mji, na za Mikindani ndiyo usiseme, ni za mirathi. Marehemu aliondoka, warithi wako sita, mmoja yuko Dar, mwingine Newala, na anayepokea kodi ni yule aliyebaki karibu na funguo. Kwa familia zetu za Kimakonde na Kimakua mjomba naye bado ana sauti yake, na sauti hiyo huwa haisikiki mpaka pesa zionekane. Nawaheshimu wajomba, lakini mwenye mamlaka ya kupangisha mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Barua ya uteuzi iambatanishwe kwenye mkataba. Kikao cha ukoo hakitoshi.

Na fremu zile tatu zilizojengwa mbele ya nyumba mnayoishi, baba akizipangisha peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyenunua saruji? Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa, kuwekwa rehani au kupangishwa bila ridhaa ya mwenza. Sioni sababu ya kusubiri wanasheria wabishane kama fremu ni sehemu ya nyumba hiyo au la. Mama asaini, kazi imekwisha. Wengi wa akina mama hao ndio wanaojua nani kalipa na nani anadaiwa.

Hati ya kiwanja nayo ifunguliwe, isiishie kuonyeshwa jalada. Ndani imeandikwa matumizi: makazi, biashara, au vyote viwili. Kiwanja cha makazi kikigeuzwa ghala bila kibali cha kubadilisha matumizi, atakayeanza kusumbuliwa na halmashauri ni mpangaji, na atakayedaiwa fidia baadaye ni wewe. Muda wa pango nao hauwezi kuzidi muda uliobaki kwenye hati.

Kuhusu bei, mji huu una kumbukumbu fupi. Wakati wa joto la gesi asilia, kwenye 2012 na 2013, pango la maeneo kama Shangani lilitajwa kwa dola na watu wakajenga kwa kukopa. Bomba la gesi likaenda Dar es Salaam, likakamilika 2015, na wageni wengi wakaondoka. Dola siku hizi hazina mjadala, kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zinakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni. Somo la korosho ndilo hatujalishika. Mwishoni mwa 2018 serikali ilichukua ununuzi kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wakulima ukachukua muda, malipo yakachelewa, na maduka yakakaa bila wateja wakati ambao kwa kawaida huwa yamefurika. Kodi iliyopangwa kulipwa Desemba ingetoka wapi? Ningekuwa na fremu Masasi au Tandahimba, ningegawa kodi mara mbili, sehemu kubwa ilipwe Januari na ndogo Juni, na ningeandika kabisa kitakachofanyika msimu ukichelewa. Mpangaji anayelipa kwa mafungu ana faida kuliko fremu iliyofungwa miezi minane ikisubiri mtu mwenye kodi ya mwaka mfukoni.

Madogo yanayoleta ugomvi mkubwa: LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya majengo inakatwa humo, 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na anayenunua umeme ni mpangaji. Semeni mapema kama itapunguzwa kwenye pango. Semeni pia nani anabaki na vigae, grili na mlango wa alumini siku ya kuhama, na kama mpangaji anaruhusiwa kumwachia mwingine fremu kwa kilemba, yaani malipo ya kupisha nafasi. Mkinyamaza, atakuja mtu usiyemjua na kukuambia ameshalipa.

Mpangaji akishindwa kulipa, usiende na kufuli lako usiku. Najua linavyovutia. Lakini bidhaa zilizomo ndani si zako, na sheria inataka notisi ya maandishi kwanza. Shauri linaanzia baraza la kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu wala haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Utaombwa mkataba siku hiyo hiyo ya kwanza. Kwa hiyo andikeni nakala tatu, zisainiwe mbele ya wakili, zipelekwe TRA zigongwe mhuri ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, na yako usiihifadhi ndani ya fremu uliyoipangisha.