Nyambizi za Panay na Negros: uokoaji ulistahili hatari yake?

Usiku mmoja wa Machi 1944, nyambizi ya Marekani USS Angler iliibuka karibu na pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Panay, Ufilipino. Nahodha Robert Olsen alikuwa ameambiwa atarajie watu kama 20. Waliofika walikuwa 58, wanawake na watoto wakiwamo, wengi wao Wamarekani waliojificha milimani tangu Wajapani walipokiteka kisiwa mwaka 1942. Akawachukua wote. Chombo cha mita 95, ambacho hata mabaharia wenyewe walikuwa wakipishana kwa shida, kikabeba umati huo hadi Darwin, Australia. Wageni walilazwa vyumba vya topido na chakula kikapimwa.

Safari za namna hii husimuliwa kama huruma tupu. Mimi naona ziliendeshwa na hesabu pia, na hesabu yenyewe si rahisi.

Kwanza, hatari. Salama ya nyambizi ni kina cha maji, na kupakia raia kulihitaji kusogea pale ambapo kina hakipo, kisha kusubiri ishara ya vitambaa vyeupe ufukweni, ambayo yeyote angeweza kuitundika. Baada ya hapo kuna safari ya kurudi. USS Crevalle ilichukua watu wapatao 40 kisiwani Negros tarehe 11 Mei 1944, na kabla haijafika Darwin ikapigwa vikali kwa mabomu ya chini ya maji, watoto wakiwa ndani. Oktoba mwaka huohuo USS Seawolf, iliyokuwa ikipeleka askari na shehena kisiwani Samar, Ufilipino, ilipotea na wote waliokuwamo, na inaaminika ilizamishwa kimakosa na meli ya Marekani yenyewe. Ofisa aliyeuliza kwa nini silaha ya kuzamisha meli za adui ifanywe basi la abiria hakuwa mtu katili.

Lakini swali lake lina kasoro. Nyingi ya nyambizi hizo zilikuwa zinakwenda Ufilipino vyovyote vile, zikipeleka bunduki, redio na dawa kwa wapiganaji wa msituni. Zikishapakua, nafasi ilikuwepo. Na kuhusu hatima ya waliojificha hapakuwa na la kukisia: Desemba 1943, miezi mitatu tu kabla ya Angler, wamisionari 11 wa Kimarekani waliokuwa wamejificha Hopevale, hukohuko Panay, walikamatwa na kuuawa. Kwangu jambo hilo moja linazima nusu ya ubishi.

Wapo wanaotetea safari ya Crevalle kwa faida ya kijeshi, kwa sababu ilibeba pia nyaraka za mpango wa vita wa jeshi la majini la Japani, zilizopatikana baada ya ndege ya Admirali Fukudome wa Japani kuanguka karibu na kisiwa cha Cebu, naye akaangukia mikononi mwa wapiganaji wa msituni. Hoja hiyo siipendi. Ingekuwa hakuna nyaraka, wale watoto wangestahili kuachwa?

Tena kisa cha nyaraka kina upande ambao washangiliaji huupitia haraka. Wajapani walipokuwa wakimsaka Fukudome waliwaua wanavijiji wa Cebu, mpaka kamanda wa wapiganaji hao, James Cushing, akamrudisha admirali ili mauaji yakome. Wanavijiji hao hawakuwa na nyambizi ya kuwangoja. Wafilipino ndio waliowaficha wageni, wakawalisha na kuwafikisha ufukweni, kisha wakabaki kumkabili adui yuleyule. Orodha ya abiria ilifuata pasipoti kuliko ukubwa wa hatari, na hilo lisemwe wazi.

Je, ingewezekana vinginevyo? Kwa kuwahamisha watu, hapana. Panay peke yake ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni moja, na wanajeshi wa Jenerali MacArthur wa Marekani hawakutua kisiwani Leyte, kuanza kuikomboa Ufilipino, hadi tarehe 20 Oktoba 1944. Kilichowezekana kuwafikia waliobaki ni dawa na silaha zilizoshushwa kabla abiria hawajapanda. Kwa hiyo anayetaka kuzihukumu safari hizi kwa haki asiishie kwenye idadi ya waliofika Darwin. Aulize pia kila nyambizi ilishusha nini, na kama kilitosha kwa watu walioachiwa vita.