Wanakijiji Wameshasema, Nani Amerudi Kuwajibu?

Wanaokwenda kijijini kukusanya maoni wana lalamiko moja ambalo nimelisikia mara nyingi: wanakijiji hawasemi. Mkutano umeitishwa, watu wamekaa, mgeni ameuliza "Mnahitaji nini?" na kinachofuata ni kimya. Mzee mmoja anasimama kushukuru kwa ugeni, wengine wanapiga makofi. Mgeni anaandika kwenye daftari lake kwamba wananchi wanahitaji kuhamasishwa.

Mimi naona wananchi hao wanahitaji kujibiwa. Nimekaa kwenye mikutano ya namna hii mbele na nyuma, na nyuma ndiko yanakosemwa ya kweli. Mama mmoja anamnong'oneza jirani yake: "Hili la maji si tuliwaambia wale wa kwanza?" Wale wa kwanza waliandika, wakapiga picha, wakaondoka. Wa pili wakafanya hivyohivyo. Huyu wa leo ni wa tatu, na kimya anachokiona ni cha watu waliokwisha kusema mara mbili.

Tuanze na huyo mgeni mwenyewe. Mwaka 1983 mtafiti Mwingereza Robert Chambers alieleza kwa nini watu wa nje huenda vijijini na kurudi bila kuuona umaskini uliopo. Hupita palipo na barabara nzuri. Huenda kiangazi, njia zikiwa kavu. Huzungumza na viongozi, na wengi wao ni wanaume. Hupelekwa kwenye mradi ambao tayari una fedha na kibao. Kisha adabu huwazuia kuuliza yanayouma. Miaka zaidi ya 40 imepita na orodha hiyo haijachakaa. Linaloniuma zaidi ni hilo la kiangazi. Kwa mkulima mdogo, msimu wa mvua ndio msimu wa shida: akiba ya chakula imekwisha na mavuno bado, kazi ya shamba ni nzito, malaria imepanda, na kijito kimefurika hivi kwamba mgonjwa hawezi kuvushwa. Atakayekuja baada ya mavuno ataona ghala limejaa na njia inapitika, naye ataondoka akiamini kwamba maisha ya pale si mabaya sana.

Halafu kuna swali lenyewe. Ukimuuliza mtu anahitaji nini, atakutajia kile anachodhani unaweza kutoa. Akija mtu wa maji, kijiji kinahitaji kisima. Akija mtu wa afya, kijiji hichohicho kinahitaji zahanati. Huo si uongo, maana vyote vinahitajika kweli. Ni busara ya watu waliojifunza kwamba mgeni huja na jibu lake mfukoni na kutafuta mahali pa kuliweka. Kwa hiyo orodha ya mahitaji inafanana kila mahali, barabara, maji, umeme, shule, zahanati, na haimfundishi mtu chochote.

Afadhali kuuliza kuhusu jana. Jana ulichota maji saa ngapi, na ulikuta watu wangapi mbele yako? Mara ya mwisho mtoto alipougua usiku ulifanya nini kwanza, na ni wapi ulipokwama? Mazao yaliyoharibika yalikuwa wapi yakisubiri gari? Hapo ndipo unapogundua kwamba maji yapo, ila pampu hufungwa kwa kufuli saa ambazo wanawake wamerudi kutoka shambani. Zahanati ipo, ila anayeugua Ijumaa jioni husubiri hadi Jumatatu. Barabara ni nzuri isipokuwa mita 50 za bonde, na hizo mita 50 ndizo zinazoufunga msimu mzima. Kazi ya namna hiyo ni ndogo na nafuu, lakini haiwezi kutajwa kwenye mkutano wa "Mnahitaji nini?" kwa sababu haina jina la mradi.

Na usiulize ukiwa umekaa. Tembea na mtu katika njia anayoipita kila siku, kwa saa zake, na ukiweza beba mzigo wake. Watu ambao hawafungui mdomo mbele ya umati husema mengi wakiwa njiani, kwa sababu kitu chenyewe kiko mbele yao na wanakionyesha kwa kidole.

Wanawake wanahitaji nafasi yao katika suala hili. Mkutano ukiitishwa saa ya kupika au ya kuchota maji, tayari umechagua nani atasikika. India ililishughulikia jambo hili kwa sheria. Marekebisho ya 73 ya katiba, yaliyopitishwa mwaka 1992 na kuanza kutumika 1993, yalitenga angalau theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji, pamoja na nafasi za wenyeviti, kwa wanawake. Watafiti Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walichunguza matokeo yake na kuyachapisha mwaka 2004. Katika jimbo la West Bengal, ambako wanawake walilalamikia maji ya kunywa na barabara kuliko wanaume, mabaraza yaliyoongozwa na wanawake yaliwekeza zaidi katika maji na barabara. Kumbuka kwamba kabla ya hapo wanawake hao walikuwapo na maji yalikuwa shida ileile. Kilichobadilika ni nani aliyeshika kalamu.

Sasa nigusie jambo ambalo wapenda ushirikishwaji, mimi nikiwa mmoja wao, hatupendi kulisema. Kijiji si kinywa kimoja. Mwenye mifugo na mwenye bustani hawataki kitu kimoja kutoka kwenye kijito kilekile. Vijana wanataka mtandao wa simu na kazi, wazee wanataka vijana wabaki. Anayeishi karibu na kisima haoni kosa lolote. Ripoti inaposema "wananchi walikubaliana", mimi huuliza ni wananchi gani, na ni nani aliyeondoka mapema kwa hasira.

Pia wenyeji wana mipango yao tayari, hata kama haijaandikwa popote. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza pamoja na wenzake mifereji ya umwagiliaji nchini Nepal. Mifereji iliyojengwa na kusimamiwa na wakulima wenyewe, mingi ikiwa na mabanio, yaani kuta za kuelekeza maji ya mto mferejini, ya mawe na udongo, kwa jumla ilifikisha maji hadi mashamba ya mwisho vizuri kuliko ile iliyosimamiwa na serikali, ambayo mingi ilikuwa na mabanio ya zege. Jambo hili linashangaza mpaka ulione kwa macho ya mkulima. Banio la mawe hubomoka, na wenye mashamba ya juu hawawezi kulijenga upya peke yao. Wanahitaji mikono ya walio chini, na wa chini hawaji kufanya kazi kama maji hayawafikii. Likija banio la zege lisilobomoka, wa juu hawamhitaji mtu tena. Wanachukua maji, na walio mkiani wanakauka. Mhandisi alitengeneza banio, bila kujua kwamba ubovu wake ndio uliokuwa ukiwafunga watu pamoja. Mkulima yeyote wa pale angeweza kumweleza hilo, kama angeulizwa maji yanagawanywaje kabla ya kuulizwa kama anataka zege.

Kuna upande mwingine wa hili. Neno "ushirikishwaji" limekuwa pia njia ya kuwatwisha wanakijiji mzigo. Mradi unakabidhiwa kwa sherehe, kamati inaundwa, na kuanzia siku hiyo pampu ni "mali ya jamii". Pampu ya Afridev iliundwa miaka ya 1980, ikafanyiwa majaribio Kenya na Malawi, kwa nia njema kabisa: wenyeji waweze kuifungua na kuirekebisha wenyewe kwa spana moja. Lakini spana haisaidii kama kipuri kinauzwa mwendo wa siku nzima, au fundi aliyefundishwa amehamia mjini. Mkazi wa mjini hapangiwi zamu ya kutengeneza bomba la mtaa wake. Sioni kwa nini yule mwenye kipato kidogo zaidi ndiye atakiwe kutoa nguvu, muda na fedha, kisha alaumiwe kwa kukosa moyo wa kumiliki.

Narudi kwa yule mama wa nyuma, maana kwake ndiko nilikotoka. Hadai miujiza, anataka kujua lile la maji liliishia wapi. Uganda inatupa mfano wa thamani ya kuwajulisha watu yaliyoishia wapi. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambazo serikali ilitenga kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Baadaye serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Matangazo peke yake hayakufanya kazi yote, kwa kuwa mageuzi mengine yalikuwa yakiendelea wakati huohuo. Hata hivyo mzazi aliyesoma karatasi ile ukutani sasa alikuwa na namba ya kuulizia.

Ningependa kila mkutano wa maoni uanze kwa kusoma kwa sauti yale yaliyosemwa mkutano uliopita, moja baada ya jingine, pamoja na jibu la kila moja. Hili limefanyika. Hili halijafanyika, fedha hazikutosha, na hiki ndicho kiasi kilichopo. Hili haliwezekani kabisa, kwa sababu hii. Watu wazima wanaweza kupokea "haiwezekani". Wakipewa sababu, watabishana nayo, watapendekeza njia ya bei ndogo, na wengine watajitolea kipande ambacho hakuna aliyefikiri kuwaomba. Bila jibu, wanabaki na makofi tu.

Kwa hiyo mkusanya maoni anayejiandaa kwenda kijijini wiki hii, kabla hajafungua ukurasa mpya, atafute daftari la aliyemtangulia. Aende nalo. Asome lililoandikwa kuhusu maji, kisha amwombe yule mama aliyekaa nyuma amweleze ni nini kimebadilika tangu siku ile.